Mkwe Wangu na Papa wa Bahari ya Shamu

Tangu nirudi Shirere, hapa Kakamega, sijaweza kwenda dukani bila kusimamishwa njiani. Kila mtu anataka kujua kama ni kweli niliogelea na papa, papa wenyewe walikuwa wakubwa kiasi gani, na kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye nyumba na kuku wake, aende kujitafutia kifo mahali ambapo hata kunde haioti. Nimechoka kueleza vipande vipande. Naandika yote mara moja. Anayetaka asome, na asiyetaka aendelee kusikiliza masimulizi ya Mwalimu Shitandi, ambayo nimeambiwa yana papa watatu na mguu uliokatika. Miguu yangu yote miwili ipo.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Rehema. Nilizaliwa Musanda, Mumias. Baba alikuwa mfagizi wa bwawa la kuogelea la klabu ya kiwanda cha sukari, na kwa kuwa mabwana wa klabu walipenda usingizi, nilijifunza kuogelea asubuhi kabla hawajafika. Siku hizi nafundisha watoto wa shule kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja mjini Kakamega. Miaka minane iliyopita nilipeleka wanafunzi Diani, nikaona watu wanaingia baharini na mitungi ya hewa mgongoni, na mimi nikataka. Aliyenifundisha ni Mdigo mmoja aitwaye Salim. Nikawa nakwenda kila likizo kupiga mbizi naye. Likizo moja nilimchukua binti yangu Rehema anishikie taulo. Taulo lilirudi Kakamega, moyo wa binti ukabaki Diani. Mwaka jana wakafunga nikahi Mumias.

Wakati huo Salim alikuwa ameshahamia Misri. Kazi yake huko ni kuongoza wapiga mbizi kwenye meli ambayo wageni hulala humo wiki nzima, wakienda mbali na pwani kutafuta papa wakubwa. Alitaka mkewe amfuate. Rehema ni muuguzi hapa mjini, na alinijia jikoni akasema, "Mama, ukisema hapana, siendi." Alisema kwa heshima, lakini mzigo alinitwika mimi. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, trekta la miwa lilipopinduka naye. Najua ilivyo kukaa dirishani ukisikiliza kama injini inakuja. Sikutaka mwanangu aolewe na kusubiri. Kwa hiyo Salim aliposema kuna nafasi melini kwa jamaa wa wafanyakazi, nilimwambia Rehema nitakwenda mwenyewe nikaone mumewe anavyofanya kazi, na nikirudi nitampa jibu.

Kakamega hadi Kisumu

Mwalimu Shitandi, jirani yangu, alijitolea kunipeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Ilikuwa hisani, lakini pia alitaka saa nzima ya kunishauri bila mimi kuwa na pa kukimbilia.

"Mama Rehema, mimi nakuambianga ukweli," alianza kabla hatujatoka vizuri mjini. "Hiyo papa haijuangi mwalimu. Haijuangi mzee. Inakulanga tu."

"Si papa wote wanaokula watu, Mwalimu."

"Na ile yenye inakula, utaijuaje? Itakuwa na kitambulisho?"

Tulipofika Khayega tukakuta barabara imefungwa na fahali. Ilikuwa Jumamosi, na fahali alikuwa anapelekwa kupigana. Mbele yake ngoma za isukuti, nyuma yake umati wa wanaume wenye matawi, na nyuma ya umati magari yote ya kwenda Kisumu. Mwanamume mmoja aliinama dirishani kwetu akatuomba tusipige honi. "Akikasirikia gari saa hii, huko hatapigana," alisema. Nilimwambia nina ndege. Akaniambia na wao wana fahali.

Mwalimu akashuka kutazama dakika moja. Nilimwona baadaye akicheza, koti liko mkononi. Fahali alipita karibu na dirisha langu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Aliyemwongoza alitembea ubavuni pake bila haraka, akimsemesha taratibu, na sikumwona hata mara moja akimpa mgongo. Tulikaa pale dakika arobaini. Kisha Mwalimu akaendesha gari hadi Kisumu kama mtu anayefukuzwa na wadai, tukafika tukiwa na jasho, tukaambiwa ndege imechelewa saa tatu. Alinisubiria saa zote tatu akinishauri.

Kairo

Kutoka Nairobi hadi Kairo hakuna la kusimulia, nililala. Mambo yalianza tulipofika, mbele ya meza ya forodha.

Mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu. Kuku nilimwacha kwa sababu zilizo wazi. Nikabeba karanga za kukaanga na sukari guru, vipande sita vikubwa, vyeusi, vimefungwa kwenye majani makavu ya migomba, vile vinavyotoka mitamboni kwetu. Ofisa aliyefungua begi alikitoa kipande kimoja, akakinusa, akakigonga mezani. Kikalia kama jiwe. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao.

Nilisema ni sukari. Wakatazamana. Sukari wanaijua, na haifanani na tofali. Nikaomba kisu, wakanikatalia kisu. Basi nikauma kipande palepale mbele yao, nikatafuna, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa nikawasalimu kwa ile salamu tuliyolelewa nayo Mumias. "Asalaam alaykum," nikasema, makombo yakinitoka. Mkubwa wao aliitikia kwa ukamilifu wake, akanyoosha mkono, akauma upande ule mwingine. Alitafuna kwa muda mrefu akitazama dari. Kisha chai ikaletwa. Walinywa na kipande kizima, mmoja akaniuliza kama tuna ngamia wanaoisaga hiyo miwa, nikamwambia tuna dizeli. Begi lilifungwa kwa adabu zaidi kuliko lilivyofunguliwa, na ndege ya kwenda Hurghada ikaniacha. Nilipanda ya alasiri, nikiwa na vipande vitano.

Marsa Alam

Kutoka Hurghada ni saa kadhaa za barabara nyeupe, upande mmoja bahari, upande mwingine mawe. Sijawahi kuona ardhi isiyolimwa kiasi kile. Dereva hakujua Kiingereza, mimi Kiarabu changu kinaishia kwenye salamu na sala, kwa hiyo tulisafiri kwa amani.

Salim alikuwa bandarini, amesimama mbele ya meli. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo wasomaji wangu wa Mumias wanalijua, ila wa mjini wamelisahau. Kwetu Wanga, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawapishani kwenye uchochoro mwembamba, na Mungu apishe mbali mmoja amwone mwenzake hajavaa sawasawa. Sheikh wetu ameshanieleza kwamba dini haina neno, kwamba mimi kwa Salim ni maharimu kama mama yake mzazi. Namheshimu sheikh. Lakini sheikh hakulelewa na bibi yangu.

Huyu ndiye Salim aliyekuwa akinishika mkono chini ya maji Diani, akinirekebishia miwani, tukila viazi karai kwenye karatasi moja. Nikahi ilibadilisha yote hayo kwa siku moja. Rehema alikuwa amemfundisha vizuri. Alisimama hatua tano mbali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Pole kwa safari."

"Marahaba, mkwe."

Niliweka begi chini, nikarudi nyuma. Yeye akaja akalichukua, akarudi nyuma. Mabaharia walitutazama wakaacha kufanya kazi. Mwanamke niliyepangiwa kulala naye chumba kimoja, Marta, dereva wa treni mstaafu kutoka Poland, alinivuta pembeni. "Amekufanyia nini yule?" aliniuliza kwa Kiingereza. Nilimwambia ameoa binti yangu. Akanipigapiga begani kwa huruma kubwa.

Siku mbili za kwanza baharini

Anayedhani meli ni kubwa ajaribu kumkwepa mtu ndani yake. Kulikuwa na njia moja nyembamba kutoka vyumbani hadi sitahani. Nikimwona Salim anakuja, narudi. Yeye akiniona, anarudi. Asubuhi moja tulirudi sote wawili kwa pamoja, kila mmoja akamsubiri mwenzake apite kwanza, na chai ikaisha.

Chakula nilikula nje, nyuma ya meli, sahani magotini, kwa sababu Salim alikula ndani. Mpishi, mzee mnene mwenye masharubu, aliona mgeni anakimbia meza yake. Siku ya kwanza aliniletea maharage ya ful na mkate. Jioni akaniletea wali uliochanganywa na dengu na tambi, na vitunguu vya kukaanga juu. Siku ya pili alikuja na kuku mzima wa kuchoma, akasimama mbele yangu mikono kiunoni hadi nikamaliza paja. Nilitamani obusuma, ugali wa kwetu, lakini kwa kuku yule sina la kulalamika. Kumweleza habari ya mkwe ilinishinda. Nilimwambia napenda upepo.

Halafu kulikuwa na vazi. Suti ya kupiga mbizi inafunika kila kitu na haifichi chochote. Mimi nilijifunga leso mbili juu yake hadi ukingoni mwa meli, nikazivua wakati wa kuruka tu. Marta alisema naonekana kama bondia.

Waongoza wageni walikuwa wawili, Salim na Mmisri aitwaye Hani. Niliomba kundi la Hani, nikapewa. Kabla ya kila mbizi Salim alisimama mbele ya ubao akitueleza sote, na alipofika kwa mambo yanayonihusu alisema "na wale waliokaa karibu na mlango", macho yakiwa kwenye dari. Wa karibu na mlango nilikuwa mimi peke yangu. Maneno yake sikuyasahau. Papa mkubwa akija, msitawanyike. Mtu aliye peke yake ndiye anayemvutia. Kaeni wima, mtazameni, msimpe mgongo, na mkusanyike kwa kiongozi mara moja.

Mmeniuliza juu ya papa. Siku ile ya pili tuliwaona wa kwanza, wale wenye kichwa cha nyundo. Walipita chini yetu asubuhi, zaidi ya ishirini, kimya, wote wakielekea upande mmoja. Hawakutujali. Nilisubiri niogope, sikuogopa. Niliona watu wenye shughuli zao. Nikaanza kufikiri kwamba Rehema anaweza kuja tu, na fikira hiyo ikanikera bila sababu niliyoijua.

Mwamba wenye mnara

Siku ya tatu tulifika kwenye mwamba ulio peke yake katikati ya bahari, juu yake mnara wa taa na hakuna kingine. Hani aliamka na mafua. Mtu mwenye mafua hazami, masikio hayamruhusu, kwa hiyo makundi mawili yakawa moja, na kiongozi akawa Salim.

Tulishuka watu wanane. Nilikaa mwisho, mita tano au sita nyuma ya wengine, na niliona ni heshima tu. Salim aligeuka mara mbili akaniashiria nisogee. Nikasogea mita moja, nikabaki hapo. Tulizunguka ukuta wa mwamba, tukaona kasa, tukarudi chini ya meli. Kabla ya kutoka majini mtu husimama dakika tatu kwenye kina cha mita tano, mwili upumzike. Wenzangu walijishika kwenye kamba iliyoning'inizwa toka melini. Salim alikuwa miongoni mwao. Kamba ilikuwa fupi, na kuishika kungekuwa kumgusa bega. Mimi nikasimama kando, kwenye maji matupu. Chini yangu kulikuwa na bluu tu, haina mwisho.

Papa alitoka kwenye bluu hiyo. Huyu ni wa aina nyingine, mwenye mapezi marefu yaliyo na ncha nyeupe, utadhani yamechovywa kwenye chokaa. Visamaki vyenye milia vilimtangulia puani. Mkubwa kiasi gani? Chukua mlango wangu wa mbele, ongeza nusu yake. Hakuwa na haraka yoyote. Alilipita lile kundi la watu saba kwenye kamba bila kulitazama mara mbili, akaja kwangu.

Salim aliniita kwa mkono. Nilielewa. Kila alichosema ubaoni nilikikumbuka neno kwa neno. Lakini kwenda pale maana yake ni kujibana kifuani pa mkwe wangu mbele ya watu, nikiwa sina leso. Miguu ilikataa. Najua mnavyocheka. Mimi mwenyewe nimecheka tangu hapo, lakini pale nilihesabu aibu na papa nikaona papa ana nafuu.

Naye Salim hakuja. Alimgusa Marta, akamwashiria aje kunichukua. Marta akaiachia kamba, akapiga mapezi yake ya miguu, na papa akageuka akapita katikati yetu. Marta akarudi kwenye kamba. Papa alizunguka. Safari hii alipita karibu zaidi. Safari ya tatu alinigonga paja kwa pua, akanisukuma hivi, kama mtu anayejaribu mlango aone umefungwa au la.

Hapo niliogopa. Niliogopa kwelikweli, nikataka kumwita mama yangu aliyekufa zamani. Nilianza kupumua mbio, hewa ikinitoka mapovu kwa mapovu.

Nikamwona Salim ameiachia kamba. Hakuja mbio. Alikuja wima, polepole, uso ukimtazama papa muda wote, kama yule mtu wa Khayega ubavuni mwa fahali wake. Alipofika alinishika ukanda wa begani, akanigeuza, akaweka mgongo wake kwenye mgongo wangu. Mitungi yetu ikagongana. Yeye akatazama huku, mimi nikatazama kule. Nilisikia pumzi yake kupitia chuma, ndefu, ya mtu asiye na haraka. Nikaifuata. Ya kwangu ikatulia.

Tukasogea hivyo hadi kwenye kamba, migongo imeshikana. Papa alitufuata, akatuzunguka mara nyingine mbili, akaona hatuna nyuma, akapunguza hamu. Wenzetu walipanda ngazi mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika Salim alinivua mapezi ya miguu kwa mikono yake mwenyewe, la kulia kisha la kushoto, akaniinulia mguu kwenye ngazi. Yeye alitoka wa mwisho.

Mezani

Nilikaa sitahani nimejifunga leso zote mbili. Mpishi alileta chai ya sukari nyingi. Paja lilikuwa na alama nyekundu, hakuna hata tone la damu. Nyuma ya mitungi nilimsikia Hani akimwambia Salim kwa Kiingereza, sauti ya chini, "Hakuna aliyeumia. Wageni hawajaelewa. Kwa nini ujianike?"

"Nisiposema leo," Salim alijibu, "siku nyingine nitafanya vilevile."

Aliita watu wote, wageni na mabaharia na nahodha. Akasimama mbele ya ubao ule ule, bado anachuruzika maji. "Kilichotokea ni kosa langu," alisema. "Nilimwona mgeni yuko peke yake. Kazi yangu ni kumfuata mwenyewe, tangu mwanzo wa mbizi. Sikumfuata. Na papa alipokuja nikamtuma mgeni mwingine, nikamtia hatarini na yeye. Nilifanya hivyo kwa sababu huyu ni mama mkwe wangu na niliona haya kumshika. Marta, nakuomba radhi. Nahodha, alasiri sitaongoza mbizi. Sote tutabaki melini tuzungumze makosa."

Kwa macho ya watu, mwongozaji aliyekwisha kuonekana shujaa alikuwa anajishusha mwenyewe bila kulazimishwa. Ikabidi nisimame. Niliwaeleza, kwa Kiingereza changu cha bwawani, kwamba kosa lilikuwa la watu wawili, kwamba niliitwa nikakataa, na kwamba kwetu mambo ya mkwe ni hivi na hivi. Marta alinikodolea macho.

"Kwa hiyo siku zote hizi hamkuwa mmegombana?"

"Hapana. Tulikuwa tunaheshimiana."

Mpishi wa masharubu, Hani alipomtafsiria, alijipiga paji la uso kwa kiganja. Alikuwa amepika kuku bure.

Mchana, Salim alikuwa amekaa ndani peke yake na sahani ambayo hajaigusa. Niliingia. Akainuka aondoke.

"Kaa, mkwe," nikamwambia. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake. Tulikuwa hatujakaa hivyo tangu Diani.

"Wewe unaogopanga?" nilimuuliza.

"Kila siku, mama."

"Kila siku?"

"Siku nikiacha kuogopa nitarudi Kwale nikauze madafu. Rehema anajua. Nimemuahidi." Alisogeza chumvi upande wangu. "Mama, ukimkatalia sitakulaumu. Wallahi sitakulaumu. Leo umeona mwenyewe nilivyokosea."

"Nimeona," nikasema. "Kula."

Alikula. Nami nikala. Nilikuwa nimetoka Kakamega kutafuta kama mwanamume huyu ni jasiri mno, maana majasiri ndio wasiorudi nyumbani. Nikakuta mtu mwoga kwa kiasi kizuri, anayesema kosa lake mbele ya watu wakati angeweza kunyamaza. Jibu la Rehema nililipata pale mezani, kati ya wali na chumvi. Sikulipenda hata kidogo, na siku zilizobaki niliona papa wengine watano bila kuwajali sana.

Shirere

Rehema alinipokea Kisumu. Njia nzima hakuniuliza. Kaka yangu wa Musanda, aliposimuliwa habari ya migongo na mapezi ya miguu, alisema lazima achinjwe ingokho, kuku wa kienyeji, kuondoa aibu ile. Alichinjwa. Kaka alimla karibu wote yeye.

Siku ya pili nilifua suti, nikatundika vitu vyote nje kwenye waya, pamoja na begi kubwa lililokuwa limelowa maji ya chumvi hadi kwenye mishono. Niliporudi ndani Rehema alikuwa amekaa mezani, bado na sare ya hospitali.

"Sasa?" akasema.

"Nenda."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Na papa?"

"Papa nimewaona. Mume wako pia nimemwona. Nenda, mwanangu."

Alifunika uso kwa mikono, akakaa hivyo. Nilidhani analia kwa furaha. Alipoitoa mikono niliona si furaha tupu. "Mama, nikuulize. Mwaka mzima huu ulikuwa unaogopa papa kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mwalimu Shitandi angeniunga mkono. Lakini nilikuwa nimemwona mtu akisimama mbele ya wenzake akasema lake, na nikaona haya kuwa chini yake.

"Nilikuwa nasema papa," nikamjibu. "Nilichokuwa naogopa ni nyumba hii bila wewe. Bado naogopa. Nimekufanya usubiri mwaka mzima kwa sababu hiyo, na haikuwa haki."

Alikuja akakaa karibu yangu, akalaza kichwa begani kwangu, kizito, kama alipokuwa na miaka minne. Kuku waliingia hadi sebuleni, hakuna aliyewafukuza.

"Mama," akasema mwishowe, "lile begi lako kubwa limekauka?"

"Nadhani limekauka."

"Nitalihitaji."

Nikatoka nje kulianua.